Bahari haijui Jumatatu

Kila likizo ya shule inapokaribia, jamaa nyingi za Nairobi, Nakuru na Eldoret huanza kuhesabu pesa za kuwapeleka watoto Pwani. Zamani safari hiyo iliishia Mombasa au Malindi. Siku hizi wapo wanaotaka zaidi: kufika Lamu, kukodi boti ndogo ya injini, na kuzunguka visiwa vya Manda na Pate kwa siku mbili tatu.

Ni wazo zuri. Mtoto aliyetembea katika vichochoro vya mji wa Lamu, ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, akaona magofu ya Takwa kule Manda na ngome ya Siyu kule Pate, hurudi darasani akiwa na mengi ya kusimulia. Hakuna anayepinga hilo.

Ninalopinga ni jinsi tunavyoipanga safari yenyewe. Msikilize mzazi wa mjini akipanga. Ataulizia chumba cha kulala, bei ya samaki na mahali pa kuogelea. Kisha atamaliza kwa kusema: "Tunaondoka Alhamisi, tunarudi Jumapili, Jumatatu niko kazini." Maoni yangu ni kwamba katika mpango mzima, hakuna hatari iliyo kubwa kuliko maneno hayo ya mwisho.

Nasema haya kwa sababu yalinipata. Miaka kadhaa iliyopita, mwezi wa Agosti, tulikuwa Pate na mke wangu, watoto watatu na mama yangu mzazi ambaye anaugua kisukari. Jumapili asubuhi tulitakiwa kurudi Lamu ili tuwahi ndege ya alasiri. Tulipofika gatini Mtangawanda ilikuwa saa mbili. Nahodha, mtu mzima aliyezaliwa hapo hapo, alitazama maji akaniambia, "Bwana, maji yanatoka. Hatutapita Mkanda. Tungoje yajae, tutoke saa nane."

Nilimjibu kwamba saa nane ndege itakuwa imeondoka. Akanyamaza. Nikamwongezea pesa kidogo, akawasha injini. Yeye hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu.

Mkanda ni ule mlango mwembamba wa maji kati ya kisiwa cha Manda na bara, wenye mikoko pande zote mbili. Maji yakijaa, boti hupita bila taabu. Yakipwa, hubaki matope na mafungu ya mchanga. Kuzunguka nje ya Manda hakukufaa, kwa kuwa mawimbi ya kusi yalikuwa makubwa mno kwa chombo chetu. Saa tatu hivi boti ilipanda fungu la mchanga, ikakaa. Tulikaa nayo kwa muda wa saa nne juani, bila kivuli, tukiwa na chupa tatu za maji na soda chache. Mtoto wetu wa mwisho, aliyekuwa na miaka minne, alikuwa ametapika njiani. Kufikia saa sita midomo ilikuwa imekauka na alikuwa akilia bila machozi. Mama naye alianza kutetemeka kwa njaa ya sukari. Waliotuokoa ni wavuvi wawili wa mtumbwi waliotupa maji yao ya kunywa na vipande vya mkate wa mofa.

Maji yalipojaa tukaelea, tukafika Lamu salama. Ndege ilikuwa imekwenda. Jumatatu ile niliyoipigania sikufika kazini.

Maji na saa

Mtu wa bara huichukulia bahari kama barabara iliyo wazi mchana na usiku. Sivyo. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kwa kiasi cha dakika 50. Wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa katika pwani yetu huweza kupita mita 3. Siku hizo maji huwa yamekupwa kabisa karibu saa nne asubuhi, wakati ule ule ambao jamaa iliyokwisha kunywa chai hoteli inataka kuondoka.

Kwa hivyo ratiba ya safari isiandikwe Nairobi. Andika tarehe ya kufika Lamu peke yake. Saa za kuondoka na kurudi aziandike nahodha, akitazama mwezi na jedwali la maji.

Majira pia yana maana yake. Likizo zetu ni tatu: Aprili, Agosti na mwisho wa mwaka. Aprili mvua za masika huwa zinaingia na kusi linaanza. Kusi huvuma kwa nguvu kati ya Juni na Agosti, na bahari ya nje huchafuka. Mwenye watoto wadogo na boti ya mita 6 au 7 ana heri angoje Desemba, wakati upepo wa kaskazini unapoanza na mara nyingi bahari huwa tulivu zaidi. Ikiwa ni lazima iwe Agosti, basi abaki katika maji ya ndani, yaliyokingwa na visiwa, wala asione haya kufupisha safari. Anayefikiria kwenda mbali kaskazini, kuelekea Kiwayu na Kiunga, aulize kwanza hali ya usalama kwa wenyeji na kwa maafisa wa serikali.

Hata hivyo, kujua majira hakutoshi bila siku ya akiba. Nina maana ya siku moja kamili, iliyolipiwa, ambayo haina kazi yoyote ila kungojea. Ikiwa likizo yako ni siku nne, panga safari ya siku tatu. Hali ikiwa nzuri, siku hiyo watoto wataogelea Shela. Ikiwa mbaya, siku hiyo ndiyo itakayokuwezesha kumwambia nahodha, "Haya, tungoje," bila kuumwa na moyo.

Jaketi la mtoto

Tarehe 29 Aprili 1994, feri ilipinduka katika kivuko cha Mtongwe, Mombasa, karibu kabisa na nchi kavu. Watu 272 walikufa. Wengi wetu tuliokuwa tukisoma magazeti wakati huo hatujasahau. Lakini kuzama hakungoji chombo kikubwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wasiofika umri wa miaka mitano. Zaidi ya asilimia 90 ya vifo hivi hutokea katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, kama yetu.

Jambo ambalo wazazi wengi hawalijui ni kwamba anayezama mara nyingi hapigi kelele. Kinywa chake kiko majini, na mikono inajaribu kusukuma maji chini, haipungi. Mtoto anaweza kuzama hatua chache kutoka kwa watu wazima wanaozungumza, wasisikie kitu.

Ndiyo maana mtoto hana budi kuvaa jaketi la kuokoa maisha tangu anapokanyaga gati hadi anaposhuka, na liwe la kipimo chake. Majaketi haya hutengenezwa kulingana na uzito wa mvaaji, na uzito huo huandikwa ndani. Jaketi la mtu mzima likivikwa mtoto humtoka kichwani mara anapoingia majini. Kulipima ni rahisi: mvike, mfunge, kisha mwinue kwa kushika mabega ya jaketi. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa mno. La mtoto mdogo liwe na ukanda unaopita kati ya miguu. Katika boti nyingi za kukodi utapewa majaketi ya wakubwa tu, tena yamefungiwa chini ya benchi. Uliza mapema kwa simu, na kama hayapo, nunua mjini uende nayo. Bei yake haifiki bei ya tikiti moja ya ndege.

Mtu akitolewa majini hapumui, usimning'inize kichwa chini wala usimkamue tumbo, kama wengi wafanyavyo. Mlaze chali mahali pagumu, mpe pumzi 5 za kinywa kwa kinywa, kisha ukandamize kifua mara 30 kwa kila pumzi 2, mpaka msaada ufike. Katika kila safari watu wawili wazima wawe wamejifunza jambo hili kabla ya kuondoka nyumbani.

Mfuko wa dawa

Hospitali kuu ya eneo hili, King Fahd, iko Lamu mjini. Ukiwa Pate, au mbali zaidi, umbali hupimwa kwa saa za maji, si kwa kilomita. Kwa hivyo chukua vitu hivi.

Maji ya kunywa: lita 4 kwa kila mtu mzima kwa kila siku ya safari, na ziada ya siku moja. Usitegemee kuyapata visiwani, kwani visima vingi vina maji ya chumvi.

Pakiti za ORS, ule unga wa chumvi na sukari unaotolewa zahanati kwa watoto wanaoharisha. Uchanganye na kiasi cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti, si zaidi wala si pungufu, umnyweshe mtoto kidogo kidogo. Macho yakiingia ndani, asipopata mkojo kwa saa sita, au akilegea na kusinzia ovyo, hilo si jambo la kungojea kesho.

Dawa ya kichefuchefu cha bahari humezwa kabla ya kuondoka, si baada ya kutapika. Usiwape watoto dawa ya wakubwa. Mwulize mwuza dawa au daktari, hasa kwa mtoto aliye chini ya miaka miwili. Anayeugua akae katikati au nyuma ya boti, atazame mbali mahali bahari inapokutana na mbingu. Vile vile mama mjamzito na wazee wasikae mbele, kwani huko ndiko boti inakopigapiga, na mgongo unaweza kuumia.

Wenye kisukari, shinikizo la damu au pumu wabebe dawa za siku tatu zaidi ya mpango. Insulini isiachwe juani. Mwenye kisukari awe na kitu kitamu mfukoni mwake mwenyewe, si katika kikapu kilichofunikwa na mizigo. Hilo nililijua baada ya kumwona mama yangu akitetemeka.

Aidha, beba kofia, nguo za mikono mirefu na turubai la kivuli. Chandarua kilichotiwa dawa ni lazima, kwa kuwa malaria ingalipo Pwani. Viatu vya kukanyagia miambani vitawakinga watoto na miiba ya fuma. Na petroli igawanywe mafungu matatu: fungu la kwenda, fungu la kurudi, na fungu la tatu lisiguswe.

Nani mwenye amri?

Wapo watakaosema kwamba ninawatisha watu, na kwamba wenyeji husafiri kila siku bila mambo haya yote. Ni kweli wanasafiri. Lakini mwenyeji anapoambiwa maji yametoka, hukaa chini ya mti akangoja. Tunayemwiga si yeye. Sisi twachukua chombo chake na kuacha subira yake.

Wengine watasema siku ya akiba ni gharama. Naam, ni gharama. Tulilipa usiku mmoja zaidi wa watu sita pale Lamu, pamoja na tikiti mpya, kwa kuwa hatukupanga. Kama tungepanga, tungelipa usiku huo huo, na mtoto wangu asingelia bila machozi.

Wenye boti na mawakala nao wana lao. Anayeuza safari kwa kutaja siku na bei, bila kutaja saa za maji, anauza nusu ya safari. Na wakaguzi wa vyombo wanapohesabu majaketi, wahesabu pia yale ya watoto.

Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. Katika boti ya likizo huwa kuna manahodha wawili: yule anayeshika usukani na yule anayeshika pesa. Kabla ya kupanda, mbele ya watoto wote, mwenye pesa amwambie mwenye usukani maneno haya: "Ukisema hatuendi, hatuendi, na malipo yako ni yale yale." Mimi sikuyasema pale Mtangawanda. Nilifanya kinyume chake, nikalipa zaidi ili twende. Jumatatu huja kila wiki, lakini mtoto akipotea majini harudi.