Jamani, msiondoe hiyo tiki!

Ndugu zangu wa nyumbani, salamu kutoka Al Amerat. Leo nina la kugomba. Kila programu ya barua pepe ikishindwa kuungana na seva kwa usalama, fundi anawaambia: "Ondoa tiki ya SSL." Huo si ufundi! Paswedi itapita wazi njiani, na humo mna pasipoti zenu na vyeti vyangu vya uuguzi.

Kwanza tazameni tarehe. Betri ndogo ya ndani ikifa, kompyuta hurudi miaka nyuma na kukikataa cheti cha seva. Kwa IMAP, poti iwe 993. Tatu, programu ya zamani sana: TLS 1.0 na 1.1 zilifutwa rasmi mwaka 2021. Wekeni mpya. Fundi akibisha, tafuteni mwingine.