"Ni Korona Tu, Itaisha"

Mwezi huu naweka pembeni stori za mitoko na zawadi. Nataka nikupe yaliyonikuta ndani kwangu.

Ilikuwa Julai 2021. Mume wangu alikuwa na korona, siku ya tisa, na tulishaanza kushangilia maana homa ilishashuka. Usiku akaniamsha: "Mke wangu, nikivuta pumzi kifua kinachoma." Nikamjibu kwa usingizi, "Ni korona tu, itaisha." Jibu lile linanisuta hadi leo.

Alfajiri moyo ulimwenda mbio, na kile kifaa cha kubana kidoleni kikasoma oksijeni 86. Mbio hospitali!

Daktari akauliza: pumzi imekata ghafla au taratibu? Kuna mguu mmoja umevimba? Amekohoa damu? Kumbe korona huchochea damu kuganda. Donge linaweza kutoka kwenye mshipa wa mguu, au kujitengeneza humo humo mapafuni, likaziba njia ya damu. Dalili zake zinafanana sana na za korona yenyewe, ndiyo maana ni rahisi kulipuuza.

Wakampima damu, kipimo kinaitwa D-dima. Kilikuwa juu. Nikadhani jibu tumepata, daktari akatikisa kichwa. Kwa mgonjwa wa korona kipimo hicho hupanda mara nyingi hata kama hana donge. Eksirei ya kawaida nayo haitoshi. Jibu lilitoka kwenye CT scan, ile ya kudungwa dawa mshipani ili mishipa ya mapafu ionekane vizuri. Donge lilikuwepo, pafu la kulia. Akaanzishiwa dawa za kuzuia damu kuganda siku hiyo hiyo.

Na usidhani ukishapona mchezo umeisha. Utafiti wa Uswidi uliotoka mwaka 2022, wa watu zaidi ya milioni moja waliougua korona, ulionyesha hatari ya donge la mapafu ilibaki juu hadi siku 110.

Kwa hiyo mwenzi wako akikuambia pumzi imebadilika ghafla, usimpe jibu la usingizini kama langu. Mpeleke hospitali, na umuulize daktari waziwazi: inaweza kuwa damu imeganda?

Wangu yupo, anakoroma kama trekta. Zamani nilikuwa nampiga kiwiko. Siku hizi namsikiliza tu.

Tukutane mwezi ujao!