Nani Anayekata Hukumu: Jaji au Wazee wa Baraza?

Tumeulizwa na wazazi ambao vijana wao wako kwenye korosho, Masasi na Newala: kijana akishitakiwa huko kwa kuua, anahukumiwa na jaji peke yake, au kuna juri kama ya filamu za Marekani?

Juri hatuna. Tulikuwa na wazee wa baraza. Wilaya hizo mbili ziko chini ya Mahakama Kuu Kanda ya Mtwara, na mpaka mwaka 2022 jaji wa Mahakama Kuu hakuweza kusikiliza kesi ya mauaji bila ya wazee wasiopungua wawili. Ushahidi ukisha, huwafafanulia kesi, kila mmoja akasema maoni yake kwa mdomo. Maoni hayakumfunga jaji. Lakini akiwafafanulia vibaya, Mahakama ya Rufani iliweza kuufuta mwenendo mzima, na kesi nyingi zilianguka hivyo. Sheria Na. 1 ya 2022 ikaifanya iwe hiari ya mahakama.

Wako wanaosema hakuna kilichopotea. Hatukubaliani nao. Kanuni ya Adhabu inapima kughadhibishwa kwa mtu wa kawaida wa jamii ya mshitakiwa. Kuitwa mchawi mbele za watu kuna uzito gani kwa Mmakonde wa Newala? Jaji aliyekulia Bukoba atamuuliza nani? (Na mshitakiwa akiwa Mpemba, mzee wa Newala naye atahitaji kuelezwa.)

Jibu la swali hilo ndilo linaloamua adhabu. Ikiwa ni kuua kwa kukusudia, sheria inataka kunyongwa na jaji hana la kupunguza. Ikiwa ni kuua bila ya kukusudia, anaweza kutoa kifungo chochote hadi cha maisha. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, iliyopo Arusha, iliamua tarehe 28 Novemba 2019 kwamba kumnyima jaji hiari hiyo kunavunja haki ya kuishi.

Katika Shari'ah, kama tunavyosoma Suratul-Baqarah aya ya 178, msamaha ni wa warithi wa aliyeuliwa, si wa kadhi. Mahakamani kwetu msamaha wao haufuti kesi ya mauaji. Basi mwenye kijana aliyeshitakiwa aonane na wakili mapema, kabla ya kesi kuanza kusikilizwa, amuombe awasilishe ombi la wazee wa baraza.

Wallaahu a'lam.