Koko si mulozi, na majaribio ya dawa yamuhusu naye

Huku kwetu mama muzee akianza kusahau njia ya nyumbani, watu wanasema mbio: ni mulozi. Tunajua wenye walifukuzwa mtaani, na wenye walichomwa moto. Ule ni ugonjwa wa ubongo.

Lecanemab, dawa ya Alzheimer yenye Marekani iliruhusu 2023, ilijaribiwa kwa watu 1.795 wa Amerika ya Kaskazini, Ulaya na Asia. Afrika? Hata kituo kimoja. Sasa nani atatuambia kama inamufaa koko wa Bukavu?

Na musituambie eti Kongo haiwezi. 2018 na 2019, risasi zikilia, wagonjwa wa Ebola wa Beni na Butembo walikubali kujaribiwa dawa nne. Agosti 2019 mbili zikaonekana kuokoa watu zaidi. Moja, mAb114, asili yake ni damu ya mtu aliyepona Kikwit 1995.

Lakini hatutaki kusainisha wazee ovyo. Mwenye anasahau aelezwe kwa luga yake, leo na kesho tena, jamaa akiwa karibu. Akisema «nimechoka», aachwe, hata kama mtoto wake alisaini. Na dawa ikifaulu, ifike hapa kwa bei yenye tunaweza.

Tunadai Wizara ya Afya ifungue mulango huo. Nanyi wenye muko na koko mwenye anasahau: mumupeleke kwa munganga mbele ya kumupeleka kwenye chumba cha maombi.