Sauti Ikisafishwa Mno, Herufi Hufutika

Siku hizi kijana wa Isiolo anayetaka kurekodi kasida, utenzi au wimbo wa harusi hana haja ya kupanda basi kwenda Nairobi, wala kuteremka Mombasa. Chumba chake cha kulala ndicho studio yake. Ana kompyuta, ana maikrofoni moja, ana kisanduku kidogo cha kuviunganisha viwili hivyo, na juu ya hayo ana rundo la plagini, yaani programu ndogo ndogo zinazopachikwa ndani ya programu kubwa ya kurekodia ili zifanye kazi ambayo zamani ilifanywa na mitambo ya kujaza ukuta mzima. Jambo hili ni la kheri, na mimi si miongoni mwa wanaolipinga. Ninalotaka kusema ni kwamba plagini nyingi kati ya hizo zilitengenezwa kwa kufuata masikio ya watu wengine. Tusipokuwa macho, zitatuhariria lugha zetu na kasida zetu, nasi tusiwe na habari.

Wasomaji wa mwambao hawahitaji kufundishwa thamani ya sauti iliyorekodiwa. Mwaka 1928 Siti binti Saad alivuka bahari kutoka Unguja mpaka Bombay ili sauti yake itiwe katika santuri. Baadaye zikaja kaseti, na sauti za marehemu Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, na za marehemu Zein l'Abdin, aliyefariki mwaka 2016, zikaingia majumbani kwa njia hiyo. Kaseti zilikuwa na mvumo wake, na nyingine zilikuwa zimenakiliwa mara kumi, lakini neno alilolitamka mwimbaji ulilipata na herufi zake. Kisha mwaka 1996 kampuni ya Steinberg ya Ujerumani ikatoa utaratibu uitwao VST, uliowezesha mitambo ya studio kuigizwa ndani ya kompyuta. Hapo ndipo mlango ulipofunguka hata kwa mtu wa chumba kimoja.

Mimi asili yangu ni Lamu, lakini riziki yangu naipata Isiolo. Watu wengi wa kwetu walianza kulisikia sana jina la mji huu mwaka 2012, ulipozinduliwa mradi wa LAPSSET wa kuunganisha bandari ya Lamu na bara ya kaskazini. Ni mji wa mchanganyiko: Waborana, Wasomali, Wameru, Waturkana, Wasamburu na sisi wengine tuliohamia. Msikitini na sokoni utasikia lugha nne kabla hujafika mwisho wa safu. Kwa sababu hiyo, madhara ya plagini yanaonekana Isiolo upesi kuliko mahali penye lugha moja.

Nitatoa mfano nilioushuhudia. Kijana mmoja wa mtaa wa Bulla Pesa alirekodi kasida ya watoto wa madrasa kwa ajili ya maulidi. Chumba chake kina paa la mabati, na nje pikipiki hazikatiki. Ili kuondoa kelele alitumia plagini iitwayo geti. Kazi yake ni nyepesi kueleza: unaiwekea kiwango, na sauti yoyote iliyo chini ya kiwango hicho inafungiwa nje. Kelele za pikipiki zikapungua kweli. Lakini kila watoto walipokomea kwenye jina la Allah, ile herufi ya mwisho, ambayo ni pumzi tu itokayo kifuani, nayo ilifungiwa nje. Mwalimu wao alisikiliza mara moja akauliza, "Nani amewafundisha watoto wangu kukata Jina la Mola?" Hakuna aliyewafundisha. Watoto walitamka sawasawa. Mashine haikujua kutofautisha pumzi ya mtoto na upepo wa dirishani.

Wala geti si peke yake. Iko plagini nyingine iitwayo diesa, iliyokusudiwa kupunguza ukali wa sauti ya s. Ikitumiwa kidogo inasaidia, kwa kuwa maikrofoni za bei nafuu hukoleza ukali huo. Ikikazwa, sini na sadi zinasogeleana, na thaa inataka kufanana nazo. Kila aliyekaa mbele ya mwalimu wa tajwidi anajua ni viboko vingapi vilitumika kuzitenganisha herufi hizo! Msomali naye ana haa na aini katika lugha yake ya kila siku, na Mborana ana herufi zinazotamkwa kwa kubana pumzi kooni na kuiachia kwa mpasuko. Ukizikata ncha zake ili wimbo uwe laini, unaweza kumpa mwenye lugha neno lenye maana nyingine, au lisilo na maana kabisa.

Ama kuhusu Auto-Tune, hiyo ina kisa chake. Ilitoka Marekani mwaka 1997, na aliyeibuni, Andy Hildebrand, hapo nyuma alikuwa mtaalamu wa kuchambua mitetemo ya ardhi kwa ajili ya kutafuta mafuta. Ujuzi wa kusikiliza tumbo la ardhi akaugeuza kuwa wa kusikiliza koo la mwimbaji. Plagini hiyo huipima sauti, na ikiona imekaa kati ya noti mbili huivuta kwenye noti iliyo karibu. Shida ni hii: kwa kawaida noti inazozijua ni zile 12 za piano. Lakini katika maqamu ya Bayati, sauti ya pili inakaa takriban katikati ya noti mbili za piano, na ndipo mahali pake halali. Ule udi wa taarabu hauna vizuizi shingoni kwa ajili hiyo hiyo, ili kidole kiifikie robo sauti. Mwimbaji akiigusa robo hiyo kwa ustadi wote, mashine inamhesabu kuwa amekosea. Mara itampandisha, mara itamshusha, na msikilizaji atahisi utamu umeondoka bila ya kujua umekwenda wapi.

Najua nitajibiwa. Vijana huniambia, "Mzee, wasikilizaji wanataka sauti nyororo kama ya Nairobi na Dar es Salaam." Hilo siligombi. Mwimbaji akitaka sauti yake ivutwe na kupindwa iwe pambo, kama alivyofanya Cher mwaka 1998 na kama wafanyavyo waimbaji wengi wa rai wa Algeria, huo ni uamuzi wake na ni sanaa yake. Ninachogombea ni pale ambapo uamuzi hakuufanya mtu. Ajuza wa Kiborana aimbaye wimbo wa harusi aliopokea kwa nyanya yake hakuomba kusahihishwa. Mtoto wa madrasa pia hakuomba.

Dawa yenyewe si ghali. Kwanza fedha ziende kwenye chumba kabla ya plagini. Magodoro na mablanketi ukutani, na kurekodi baada ya sala ya Isha, upepo na pikipiki zikiwa zimetulia, kutaondoa kelele nyingi bila ya kuigusa herufi hata moja. Pili, kelele ipunguzwe, isifutwe. Mvumo kidogo haumdhuru mtu. Tatu, plagini zifunzwe mizani yetu. Auto-Tune yenyewe ina mizani ya Kiarabu ndani yake, na kasi yake ya kuvuta sauti inaweza kupunguzwa. Ableton Live ya 12, iliyotoka mwaka 2024, inakubali mipangilio ya sauti isiyofuata piano. Vinanda vinavyotengenezwa kwa ajili ya masoko ya Kiarabu vina vitufe vya robo sauti tangu zamani. Wenzetu walidai, wakatengenezewa. Nne, sauti mbichi ihifadhiwe pembeni kabla ya kusafishwa, maana kilichofutwa hakirudi.

La mwisho ndilo kubwa. Kabla ya wimbo kutolewa, asikilizwe mwenye lugha. Kasida ipelekwe kwa mwalimu wa madrasa, wimbo wa Kiborana upelekwe kwa mama wa Kiborana, na wa Kisomali vivyo hivyo. Wao hawajui kitufe hata kimoja cha kompyuta, lakini wanajua herufi inapokosekana, na ujuzi huo hauuzwi pamoja na plagini yoyote.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Plagini ni mgeni wetu, naye ameponya mengi. Lakini mgeni hupewa kiti barazani. Hapewi ruhusa ya kuwabadilisha watoto majina yao.