Leseni ya lori si ya kuonewa huruma



Tangu nianze kuonekana kwenye usukani wa fuso letu nimeulizwa maswali mengi, na namshukuru kila aliyeuliza kwa nia njema. Wengi mnataka kujua kama dini inaruhusu. Wengine mnauliza navaa nini. Lakini swali linalorudi kuliko yote, na huletwa kwa sauti ya chini baada ya darsa watu wakitafuta viatu vyao, ni hili: "Shoga, ulimpa nani ukapita?" Hilo ndilo lililonikalisha leo niandike, kwa sababu nahisi tumelizoea mpaka hatuuoni ubaya wake.

Nianze na ya dini, maana kwangu ndiyo mepesi. Mama yetu Khadija, radhi za Allah ziwe juu yake, alikuwa na mali inayosafiri na misafara ya biashara mpaka Sham. Wanawake wa Kikureshi waliopanda ngamia wametajwa kwa sifa katika hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim. Saudia, ambayo watu walikuwa wakipenda kuitoa kama hoja, waliruhusu wanawake kuendesha gari mwezi wa Juni 2018. Na hapa kwetu Unguja wanawake wanaendesha gari ndogo miaka na miaka, hakuna anayegeuza shingo. Gari ikiongezwa tairi hukumu haigeuki, kinachozidi ni uzito. (Safari za kulala njiani zina masharti yake ya maharimu, na hizo sizizungumzii. Gari yangu inalala nyumbani na mimi nalala nyumbani.)

Kilichonitia wasiwasi mimi kilikuwa faragha. Mwalimu si maharimu yangu na mlango wa lori ukifungwa umefungwa. Tukapata dawa yake: mwanangu wa kiume akawa anakaa katikati, mwalimu dirishani. Masomo ya mwanzo yote tulifanya uwanjani, hakuna gari nyengine. Kwa kweli mtoto alizijua gia kabla yangu, na alikuwa hanifichii.

Mavazi nayo ni haraka. Buibui la mikono mipana linanasa kwenye gia, basi vaa la mkono wa kubana. Viatu ni raba za kufunga kamba. Kobazi likivuka mguuni likaingia chini ya pedeli ya breki, huna tena breki. Ushungi ubane nyuma ya shingo ili usizibe jicho la pembeni, kwa sababu kwenye lori jicho la pembeni ndilo linalookoa watu.

Sasa niwaeleze kwa nini nilijifunza, maana hapo ndipo lilipo jambo langu. Mume wangu amechukua mchanga na mawe ya ujenzi kwa lori miaka mingi. Sukari ikamshika, kisha ikamshika macho. Magharibi ikiingia alikuwa haoni vizuri mtu aliyesimama pembeni ya njia. Rafiki zake wakamwambia asihangaike, cheti cha macho kinapatikana, yuko mtu wa kuzungumza naye. Akawajibu: "Cheti kitaona, mimi sitaona." Siku ile ile akautundika ufunguo ukutani. Tukaajiri dereva, akaondoka. Tukaajiri wa pili, dizeli ikawa inakwisha safari zisipokwisha. Ndipo nikasema nijifunze mimi.

Nilikuwa na leseni ya gari ndogo, na nikadhani lori ni gari ndogo iliyonenepa. Siyo. La kwanza alilonifundisha mwalimu halikuwa kuendesha, lilikuwa kuzunguka. Kila asubuhi unalizunguka gari kabla hujapanda: tairi moja moja, nati za magurudumu, taa, maji, oili, na chini kama kuna kilichodondoka usiku. Mitungi ya upepo unaifungulia utoe maji yaliyokusanyika ndani, kwa sababu upepo uliosindikwa huacha unyevu, na maji ndani ya breki hayana kheri. Mtihani unaanzia hapo. Watu wengi wanahifadhi alama za barabarani kama wanavyohifadhi juzuu, kisha wakiulizwa waoneshe mtungi wa upepo uko wapi wanakodoa macho.

Breki za upepo ndizo zilizonitisha na ndizo nilizozipenda. Kwenye gari ndogo unakanyaga na mafuta ya breki yanasukuma. Kwenye lori kubwa kinachosukuma ni upepo uliohifadhiwa kwenye mitungi. Ukiwasha mashine unasubiri mishale ya saa ya upepo ipande mpaka mahali pake, huondoki kabla. Upepo ukishuka sana, springi kubwa zilizo nyuma zinajifunga zenyewe na gari linasimama palipo. Kwa hiyo ukisikia mlio wa kukuonya kuwa upepo umepungua, haukwambii ongeza mwendo ufike nyumbani. Unakwambia tafuta pa kusimama sasa hivi. Na ukikanyaga breki mara kwa mara kwenye mteremko mrefu zinapata moto, na breki zenye moto hazishiki. Unaingia gia ndogo juu, kabla hujaanza kuteremka, na mashine inakuzuia. Wenzangu wa Pemba, nyinyi mnaokaa na vilima, mnalijua hili kuliko sisi wa Unguja.

Halafu kuna upande wa kushoto. Dereva anakaa kulia, na chini ya dirisha la kushoto kuna mahali ambapo bodaboda nzima na abiria wake wanapotea usiwaone kabisa. Ukikata kona ya kushoto, magurudumu ya nyuma hayafuati njia ya mbele, yanakata ndani zaidi. Mtoto wa skuli aliyesimama ukingoni akidhani gari limeshampita, mbele limempita kweli, nyuma halijampita. Mwalimu alimweka mwanangu asimame pale kushoto, gari limezimwa, akaniuliza: "Unamuona?" Nilitazama kioo, nikatazama cha pili. Sikumuona. Mtoto wangu mwenyewe, amevaa kanzu nyeupe, mchana kweupe. Siku ile sikula vizuri.

Na uzito. Mita moja ya ujazo ya mchanga mkavu ni karibu tani moja na nusu na zaidi, na mvua ikishanyesha huongezeka. Mwendo ukiuzidisha mara mbili, masafa ya kusimama baada ya kukanyaga breki yanazidi mara nne. Fanyeni hesabu wenyewe pale Mwanakwerekwe siku ya soko.

Sasa, siku ya mtihani. Sitapataja mahali. Kuna kijana mmoja alikuwa akizunguka pale, si askari wala si mfanyakazi, mkononi ana bahasha. Alinijia kwa adabu zote: "Shikamoo mama. Kurudi nyuma kutakutesa, hata wanaume wanaanguka. Wewe toa kitu kidogo tu, watakuonea huruma, mwanamke hasumbuliwi." Nami nilikuwa nimelala saa tatu tu, mikono inatetemeka, na nyumbani kuna wateja wanasubiri mchanga. Nisiwadanganye, mkono ulikwenda kwenye mkoba.

Kilichourudisha ni sentensi ya mume wangu. Nikamwambia kijana: "Ahsante mwanangu, nitajaribu." Nikapanda. Nikajibu maswali yote, nikalizunguka gari kama nilivyofundishwa, nikaonesha mitungi. Nikaingia uwanjani kurudi nyuma, nikagonga nguzo. Siyo kuigusa, kuigonga, ikalala. Aliyekuwa akinipima akaandika, akaniambia niende nikafanye mazoezi nirudi. Kijana wa bahasha alikuwa ananitazama akicheka.

Nililia njiani. Lakini baada ya sala ya Alasiri nikawaza: ile nguzo ni ya plastiki, na iko pale ili isiwe mtu. Kama ningetoa bahasha, kesho yake ningekuwa barabarani na leseni halali kwa karatasi, na kosa lile lile mikononi.

Ndiyo maana nawaambia, mashoga, anayesema mwanamke hawezi lori na anayesema mwanamke apitishwe wanasema kitu kimoja. Wa kwanza anakitukana, wa pili anakitia asali. Wote hawaamini kuwa utajua. Na sisi wenyewe tunasaidia. Tunalegeza sauti, tunasema "nihurumieni, mimi mtu wa watoto", halafu tukitoka nje tunalalamika kuwa madereva wa kiume wanatudharau. Huruma ya dirishani tunaipokea, dharau ya barabarani hatuitaki. Haziachani, shoga yangu, ni mapacha.

Najua mtanijibu. Dada mmoja aliniambia yeye anaendesha vizuri kuliko waliopita, na kila akienda anaangushwa mpaka atoe. Siwezi kumkanusha, na sitamhukumu. Wanazuoni wamelizungumza suala la mtu anayelazimishwa kutoa ili apate haki yake, basi amuulize sheikh anayemwamini, na akiweza ashitaki. Lakini tuwe wakweli: haki yako ni ile uliyokwisha kuistahiki, na mtihani ndio unaoangalia kama umestahiki. Wengi tunaotoa bahasha hatujaonewa na mtu. Tunatoa asubuhi, kabla hata ya kupimwa. Hiyo ni rushwa, na mtoaji na mpokeaji wote wamelaaniwa. Tena tumefundishwa kuwa kuondosha udhia njiani ni katika matawi ya imani, hata uwe mwiba. Mtu aliyenunua ruhusa ya kuendesha tani kumi hajauondosha udhia, ameupeleka njiani mwenyewe.

Nilifanya mazoezi wiki tatu zaidi, kila siku baada ya Alfajiri, na ndoo za rangi tupu badala ya nguzo. Nikajifunza kwamba kurudi nyuma kunafanywa polepole kuliko unavyodhani ni polepole, kwa kutazama vioo vyote viwili, na kwamba hakuna aibu kusimama. Hili ndilo hasa linalotuangusha, tunaona haya kusimama katikati watu wanatutazama, tunakazana tumalize. Mara ya pili, nilipofika nusu, sikuona mwisho wa kushoto. Nikafunga handibreki, nikateremka, nikaenda nyuma kutazama kwa macho yangu. Wanaume waliokuwa ukutani wakacheka. Nikapanda tena, nikarudi nyuma, nikasimama baina ya nguzo. Yule mpimaji aliniuliza jambo moja tu: nani kanifundisha kuteremka nikatazame. Nikamwambia ni mume wangu, naye haoni.

Lori linatoka saa moja asubuhi, dua ya safari kwanza kisha kulizunguka. Sijapata kubeba mzigo mzito kuliko amana hii, na bado kona za kushoto nazikata moyo ukinidunda.

Anayetaka kuniuliza kuhusu raba, buibui, mwalimu au mitungi ya upepo, aniulize, nitamjibu In shaa Allah. Anayetaka namba ya kijana wa bahasha, sinayo.

Wassalaam alaykum.