Dereva au Gari?

Ndugu msomaji, likizo ya Agosti iliyopita kijana mmoja alitoka Nairobi kuja kumtembelea nyanyake hapa Siongiroi. Alikuja na kigari cha rimoti, chenye matairi makubwa ya meno, kile cha kukimbizwa porini. Sisi tuliozoea vigari vya waya vyenye magurudumu ya malapa kuukuu tulibaki vinywa wazi! Tukapima njia kando ya barabara ya vumbi, mahali palipojaa mashimo ya kwato za ng'ombe. Kila mtu azunguke mara tatu, tumhesabie kwa saa.

Mwenye kigari alianza. Alikifungulia kasi yote, kikaruka, kikapinduka mara nne. Mimi nilikipindua mara mbili, nikalalamika eti matairi hayafai. Kisha akaja mchunga ng'ombe mmoja aliyekuwa ametulia akitutazama. Aliomba ajaribu mizunguko miwili kwanza. Penye mashimo alikwenda polepole, penye tambarare akatia moto. Bwana wee, alitushinda sote! Na kigari kilikuwa kilekile, beteri ileile. Wahenga hawakukosea: mbaazi ukikosa maua husingizia jua.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikibishana na wenzangu: anayeshinda ni dereva au ni gari? Mimi nasema dereva ndiye wa kwanza. Tusiende mbali. Joginder Singh, aliyezaliwa hapa jirani Kericho mwaka 1932, alishinda Safari Rally mwaka 1965 kwa gari la Volvo lililokwisha kutumika. Akashinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi. Alikuwa fundi wa magari, kwa hiyo alijua gari lake linaweza nini na haliwezi nini.

Tazama pia mwaka 1993. Subaru walileta Safari kigari kidogo kiitwacho Vivio, injini yake haifiki hata lita moja. Colin McRae, ambaye alikuja kuwa bingwa wa dunia mwaka 1995, alikipewa kimoja, lakini hakufika mwisho. Mkenya mwenzetu Patrick Njiru alipewa kingine cha aina hiyo hiyo, akakifikisha mwisho katika nafasi ya 12.

Wapinzani wangu watasema, "Mbona hakuwa wa kwanza?" Swali zuri, nami sitalikwepa. Mwaka huo Toyota walichukua nafasi nne za mwanzo. Safari iliporudi katika mashindano ya dunia mwaka 2021, Toyota walishinda mwaka huo na kila mwaka hadi 2025. Mwaka 2022 na 2023 walichukua tena nafasi zote nne za mbele. Kwa hiyo anayesema vifaa si kitu anajidanganya. Hata Njiru asingeweza kumkamata Celica kwa Vivio. Lakini kati ya hao wanne wenye Toyota, mmoja tu ndiye aliyeshinda. Ni nini kilichowatenganisha, kama si mikono na akili?

Basi hapa shuleni tukishindwa mbio, twasema wenzetu wana viatu vya misumari. Tukianguka mtihani, twasema wana maabara. Mara nyingine ni kweli, na walimu na wazazi wasiache kututafutia. Lakini kabla ya kulalamika, kila mmoja ajiulize: ningepewa kifaa hicho hicho, ningeshinda? Mimi kwa kigari kile nilipewa, na nilishindwa.

Ninapendekeza siku ya michezo ijayo tuwe na mashindano ya vigari vya waya, raundi ya pili tubadilishane vigari. Hapo ndipo tutakapojua nani dereva na nani abiria.

Kalamu yangu naiweka chini. Mwenye kunipinga na aje, lakini aje na kigari chake!